Bi Pleti na Kadi Zake Thelathini na Moja

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mfasiri mwandamizi wa idara yetu atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo imetoka kwa karani wa utumishi, na watu wa utumishi hawana utani na tarehe.

Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa ukumbini, tena kwa herufi za dhahabu. Lakini hapa kazini tunamwita Bi Pleti, na yeye anaitika. Mgeni akiulizia lile jina la kwenye cheti, mlinzi wa getini hukuna kichwa kwanza, kisha huuliza, "Au unamtafuta Bi Pleti?" Wapo waajiriwa wa miaka ya karibuni wanaodhani ni jina la ukoo wa mumewe. Ili tusiendelee kumsingizia shemeji yetu, ni vizuri tueleze lilikotoka.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, binti mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alipewa meza ya karibu na mlango, ile ambayo kila anayepita huigonga kwa nyonga, katika chumba namba saba, ghorofa ya pili. Chumba hicho kina dirisha moja linalotazama mgongo wa karakana ya magari, na feni moja inayozunguka inapojisikia. Humo ndimo tunamotafsiri kila kinacholetwa: maelekezo ya wagonjwa, vitabu vya mashine, mikataba, vibandiko vya sumu ya panya. Alikuwa hodari wa Kiingereza kutushinda sote, na hilo alilijua. Kabla ya chai alikuwa ameshamaliza kurasa kumi, sisi wengine tukiwa bado tunachonga penseli.

Mwezi wa tatu ikaja karatasi ya hospitali, maelekezo kwa waliovunjika mifupa na kufanyiwa upasuaji. Ndani yake kulikuwa na neno la Kiingereza ambalo sote tumeshalizoea kwa matamshi yetu: pleti. Bi Pleti, ambaye wakati huo alikuwa bado na jina lake la kawaida, aliandika "sahani" bila hata kuinua kichwa. Sentensi ikasomeka hivi: "Sahani isiondolewe kabla ya miezi kumi na minane, isipokuwa kwa idhini ya daktari." Msahihishaji akaipitisha. Msahihishaji huyo ndiye anayeandika maneno haya, na mpaka leo hana cha kujitetea nacho.

Basi palikuwa na mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika paja, akaungwa mfupa kwa chuma na skrubu, ndiyo pleti yenyewe. Mama yake mzazi akasomewa ile karatasi wodini. Baada ya wiki sita walirudi kliniki, mwana kwa magongo, mama na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Alipofungua ilikuwa sahani ya bati, ile mwanawe aliyolia chakula siku ya upasuaji. Akamweleza muuguzi kwa fahari kwamba mgonjwa hajaachana nayo hata siku moja, hata akioga inawekwa pembeni ya ndoo. Kliniki nzima ilicheka, habari ikatufikia saa ya chai, na sisi tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Yeye hakucheka. Aliomba ruhusa, akaenda mpaka nyumbani kwa yule mama, akamwambia kwamba aliyeandika upuuzi ule ni yeye. Yule mama hakumgombeza. Alimjibu tu, "Mwanangu, mimi nilifanya kama mlivyoniambia." Kesho yake alirudi kazini, na ile kasi ya kurasa kumi hatukuiona tena.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya awe anavyojulikana leo. Aliomba stoo wampe droo za kadi, stoo wakamwambia ajaze fomu, fomu ikapotea. Shemeji yetu, ambaye ni seremala na hapendi maneno mengi, alimtengenezea droo nne kwa vipande vya mbao vilivyobaki alipotengeneza kabati la mteja. Kila kadi ilikuwa na mistari mitatu: kazi inayohusika, jina wanalotumia wenye kazi hiyo, na sahihi ya mtu anayekishika kitu chenyewe kwa mikono yake. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Kadi isiyo na sahihi, alisema, ni porojo yenye kona nne.

Neno la kwanza kuliandama likawa lilelile lililomwaibisha. Alishuka ngazi, akazunguka nyuma, akaingia karakana ile tunayoitazama dirishani. Fundi alimwonyesha klachi pleti na presha pleti, vyote vimefungua matumbo juu ya gunia. Bi Pleti akamuuliza kwa nini asiseme bamba. Fundi akamtazama kwa huruma: "Mama, ukisema bamba hapa, utaletewa bati la paa." Alirudi chumba namba saba na alama ya grisi kwenye sketi na kadi yenye sahihi, akatutikisia ile kadi. Tangu siku hiyo fundi yule humpigia honi kila akipita.

Wiki iliyofuata alikuwa kwa mpiga chapa, ambako pleti ni karatasi ya alumini inayobeba maandishi, na hakuna mtu pale anayeiita vingine. Muuza majiko akamwambia jiko la pleti mbili. Mchomeleaji akamwambia bamba, bila kuvua miwani yake myeusi. Kwa sonara neno lilikuwa tendo. Alipouliza kama dhahabu inabandikwa juu ya shaba, mzee wa watu alikasirika kabisa: "Hatubandiki, mama, tunachovya!" Maabara walimpa kisahani na wakamkataza kukigusa. Mtaalamu wa miamba alimwandikia bamba la ardhi, akaomba iongezwe kwenye kadi kwamba mabamba hayo yanatembea kwa mwendo wa kucha kuota. Iliongezwa. Na mtunza wanyama aliyekuwa akimpaka dawa kobe mgonjwa alisema ni gamba, kisha akaanza kumweleza maisha yote ya kobe yule, na Bi Pleti, kwa kuwa ana adabu, akasikiliza mpaka saa nane mchana.

Kuhusu ile karatasi ya hospitali, daktari bingwa alipendekeza maneno manne yaliyounganishwa, mazuri sana kwenye karatasi. Bi Pleti alimshukuru, kisha akapita wodi ya mifupa kitanda kwa kitanda akiuliza, "Umewekewa nini?" Vitanda ishirini na viwili. Ishirini na mmoja walisema chuma. Mmoja alisema kero. Karatasi ikaandikwa chuma, na haijabadilishwa hadi leo.

Hivyo ndivyo neno moja lilivyofikisha kadi thelathini na moja, na jina likamganda. Tulimtania sana. Tulimwambia akistaafu tutampa sahani. Alikuwa anakwenda kuona kitu kwa siku mbili ili aandike neno moja, na kazi zilikuwa zinarundikana mezani. Wakati mwingine tulichukia, tusidanganyane. Lakini karatasi zake zikitoka hazikurudi.

Sasa tuje kwenye wiki ambayo isingepaswa kurukwa katika wasifu huu, ingawa kamati ya sherehe ilinishauri niipitie juujuu. Ni miaka kumi na miwili iliyopita. Mkurugenzi wa wakati ule, tuliyempachika jina la Bwana Sawasawa kwa sababu ya jibu lake kwa kila jambo, atakuwa ukumbini siku ya Ijumaa, na ametupa ruhusa ya kusimulia. Alikuwa amenunua programu ya kompyuta ya kutusaidia kazi, na pamoja nayo akaleta kanuni: neno moja, tafsiri moja. Pleti itakuwa bamba, kila mahali, kwa wote. Kadi zifungiwe stoo. Waraka ukazungushwa ili kila mfasiri na msahihishaji asaini kuwa ameikubali kanuni hiyo.

Tulikuwa kumi na mmoja. Kumi tulisaini. Hapa naomba niondoke kwenye "sisi" kidogo, maana sisi ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mimi nilisaini nikiwa nimesimama, sikukaa hata kwenye kiti. Nilijisemea kwamba nina watoto wa kusomesha, kana kwamba yeye wake walikuwa wanakula hewa.

Kazi ya kwanza chini ya kanuni mpya ikawa kitabu cha mashine za kupigia pasi, zile kubwa za kusimama, zenye mpini wa kushusha. Mashine arobaini zilikuwa njiani kuelekea kwenye vyumba vya kufulia vya hospitali na nyumba za wageni. Programu ilitafsiri, nami nikasahihisha nukta na mkato. Kilichobaki ni sahihi ya mfasiri mwandamizi. Bi Pleti akakisoma mara mbili, akakataa. Mashine ile, alisema, ina pleti tatu: kibao chenye jina la mtengenezaji, kishikio cha mpira cha kuwekea mkono wa kushoto, na bamba lenyewe la moto. Kitabu kiliziita zote bamba. Kwenye hatua ya sita kilimwambia mtumiaji, taa nyekundu ikiwaka, aweke kiganja cha kushoto juu ya bamba kisha avute mpini kwa mkono wa kulia.

Bwana Sawasawa alimjibu kwamba mtu mwenye akili timamu ataelewa bamba lipi. Alipoona hakubaliani, akamwandikia barua. Asipotia sahihi kufikia Ijumaa saa sita mchana, atahamishiwa masjala kupokea barua na kugonga mihuri mpaka siku ya kustaafu, na hatagusa tena kazi ya kutafsiri. Barua ile aliisoma mbele yetu, akaikunja mara nne. Hakuna aliyesema neno la kumtetea.

Alhamisi alikwenda kumwomba mkurugenzi jambo moja tu, dakika ishirini za muda wake. Nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ilikuwa imeshaletewa mashine moja ya mfano, na dobi mkuu wa pale alikuwa amekubali kukisoma kitabu na kufuata hatua moja baada ya nyingine mbele yao. Mkurugenzi akasema sawasawa. Yeye alitangulia, nami nikaambiwa nibebe kitabu na kufuatana na mkurugenzi, ndiyo maana naweza kueleza niliyoyaona.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto la sabuni na mashuka. Jambo la kwanza Bi Pleti alilolifanya ni kuchomoa waya wa umeme wa ile mashine, kuukunja na kuutia ndani ya mkoba wake. Akaugusa ule mkoba kutoka nje, kuhakikisha. Ndipo akampa dobi kitabu.

Mpango ukavunjika hapohapo. Dobi alisoma kwa sauti, taratibu, na alipofika hatua ya sita akaweka kiganja cha kushoto kwenye mpira, mahali panapostahili, akashusha mpini kama aliyezaliwa nao. Bwana Sawasawa akacheka kwa furaha ya kweli. Bi Pleti alijaribu kusema kwamba mzee huyu ana miaka thelathini kwenye pasi, kwamba hakusoma, alikumbuka. Mkurugenzi hakutaka kusikia. Alivua koti, akanipa nilishike, akasema maneno ambayo mwenyewe huyarudia kila tukikutana: "Nipeni hicho kitabu. Mimi hata shati langu napigiwa na mke wangu. Nikiweza mimi, kila mtu ataweza."

Akasoma hatua ya kwanza mpaka ya tano, akizitimiza kwa umakini wa mtu anayeonyesha mfano. Hatua ya sita akaisoma kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akaweka kiganja chake cha kushoto, vidole vyote vitano vimefunguka, katikati ya bamba la moto, na kwa mkono wa kulia akaanza kuvuta mpini. Bamba la juu likawa linashuka. Lilifika nusu ya njia.

Dobi ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Hapo, bosi, tungekuwa tunatafuta gari la hospitali."

Mkurugenzi akautoa mkono, akautazama mbele na nyuma, akaufuta kwenye suruali ingawa ulikuwa safi. "Sawasawa," akasema, lakini safari hii hatukuisikia kama tulivyoizoea. Bi Pleti alifungua mkoba, akamrudishia dobi waya wake, akamshukuru.

Barua ya masjala ilifutwa saa kumi jioni ileile. Kitabu kilirudiwa kikiwa na maneno matatu kwa vitu vitatu: kibao, kishikio, bamba la moto. Mashine arobaini ziligawiwa, na kwa miaka kumi na miwili hatujapokea hata malalamiko ya lengelenge. Kanuni ya neno moja, tafsiri moja ikaondolewa, ikaja nyingine ambayo kila mfasiri mpya huielewa wiki yake ya kwanza: hakuna kitabu cha mashine wala karatasi ya dawa inayotoka hapa kabla ya mtu asiyeijua kazi ile kuisoma mbele yetu na kufanya inavyosema, mashine ikiwa imezimwa. Sharti la "asiyeijua kazi" liliongezwa na Bwana Sawasawa kwa mkono wake mwenyewe.

Yapo na mengine ya kujivunia. Droo nne zimekuwa ishirini na sita, na kadi zimepita elfu sita. Ile programu ya kompyuta bado tunayo, ila sasa inalishwa kutoka kwenye kadi, na wapo wanaosema imepata adabu. Amefundisha wafasiri tisa, wawili kati yao wakawa wakuu wa idara kwingine. Amezuia kadi za harusi za wafanyakazi watatu zisichapwe mpaka zirekebishwe, na katika mbili kati ya hizo bibi harusi alimshukuru. Wajukuu wake wanne wameshajua kwamba kwa bibi huombi "kile kitu"; unakitaja au unakikosa. Shemeji yetu anasema kwa utulivu wake kwamba nyumbani huwa anaonyesha kwa kidole tu.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea Jumatatu, aisome kabla haijakwenda kwa mpiga chapa. Kwenye habari za ile Alhamisi nilikuwa nimeandika kwamba aliingia chumba cha kufulia bila hofu hata chembe. Niliupenda sana mstari huo. Niliandika nilichokiona, au nilichodhani nimekiona, kwa miaka kumi na miwili.

Ameukata. Pembeni ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: "Si kweli. Niliogopa sana. Kabla hamjafika nilitapika nyuma ya chumba cha kufulia, dobi akanishikia mkoba. Watoto nilikuwa sijawaambia kitu. Andika hivyo. Atakayekataa kusaini baada yangu naye ataogopa, asije akadhani kwamba woga ni dalili ya kukosea."

Nimeandika hivyo. Na sasa, dada, niruhusu niseme la kwangu kabla ukurasa haujaisha. Miaka yote hii nilijifariji kwamba wewe uliweza kwa sababu huna woga, na mimi nilishindwa kwa sababu ninao. Ilikuwa faraja nzuri, nimeilalia vizuri. Kumbe wiki ile tulikuwa waoga wawili katika chumba kimoja, na mmoja wetu alisaini.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa chumba namba saba, asante kwa kila safari uliyokwenda kwa mguu ili mtu usiyemjua asiumie. Pumzika sasa, mwambie shemeji sasa akutengenezee kabati lako mwenyewe, lala mpaka jua lipande. Tunakuombea afya, tunakuombea wajukuu wasikivu, na maisha mema na marefu. Na sisi tunaobaki, tutakapoletewa karatasi tusiyoiamini, tutaogopa, na hatutasaini.